Cherehani ya Wete na Roboti ya Hertfordshire

Mvua ya masika ilikuwa imetufungia ndani tangu asubuhi. Mama yangu alikuwa ukumbini kwake, Wete, kisiwani Pemba, akikunga kanga za jirani, na mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka saba, alikuwa ameketi sakafuni kando ya cherehani kama anavyoketi siku zote: mgongo ukutani, magoti kifuani, macho kwenye gurudumu. Umeme ulikuwa umekatika, lakini cherehani ya mama ni ya kukanyaga kwa miguu na haina habari na umeme. Gurudumu likizunguka, mtoto hutulia. Likisimama, husubiri.

Pindo liliisha, mama akaondoa miguu kwenye pedeli ili akate uzi. Mtoto akamshika mkono na kuuweka juu ya gurudumu, jambo ambalo hulifanya mara nyingi kwa siku, kwani mkono wa bibi yake kwake ni kama ufunguo. Mama akatia kanga nyingine, akaanza tena. Hapo mtoto akainua kichwa, akamtizama bibi yake usoni, akarudisha macho kwenye gurudumu, kisha akamtizama bibi kwa mara ya pili.

Haikuzidi muda wa kuvuta pumzi moja.

Wifi yangu alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Aliona, kwa sababu mikono yake ilisimama katikati ya kupepeta. Hakuna aliyesema neno, kwa kuogopa kwamba tukisema tutaliharibu.

Anayelea mtoto mwenye usonji, hali ya kukua inayomfanya awasiliane na watu kwa namna tofauti na wengine, hahitaji kuelezwa kwa nini tulinyamaza. Kwa wengine nitasema hivi: watoto wengi, kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu, huona ndege akipita, humwonesha mama kwa kidole, kisha humgeukia mama ili wahakikishe kwamba naye amemwona. Watafiti huliita jambo hilo makini ya pamoja. Si kutizamana tu, bali ni watu wawili kukutana juu ya kitu cha tatu. Sisi tuliingoja alama hiyo miaka saba, na katika miaka hiyo tuliambiwa kwamba mtoto hasikii, tukaambiwa amepatwa, tukaambiwa mama yake anamdekeza. Sitayarudia maneno hayo kwa urefu, kwa sababu kila nyumba yenye mtoto kama wetu imeyasikia ya kwake.

Mimi hufundisha somo la kompyuta katika skuli moja ya sekondari Unguja, na miezi ile nilikuwa nikisoma kila nilichoweza kukipata kuhusu roboti zinazotengenezwa kwa ajili ya kucheza na watoto wenye usonji. Ndiyo maana wazo langu la mwanzo, pale pale ukumbini, lilikuwa la furaha ya mwalimu aliyeona hesabu imetoka sawa: kumbe ni kweli kwamba mashine humfungua mtoto. Wazo la pili lilinijia siku mbili baadaye, nikiwa botini narudi Unguja, na hilo ndilo lililoninyima utulivu kwa wiki nyingi.

Je, kilichomfungua ni gurudumu, au ni bibi?

## Uso ulioachwa mtupu

Mtafiti niliyemsoma kwa makini zaidi ni Kerstin Dautenhahn, Mjerumani aliyeanzia kwenye baiolojia kabla ya kuingia katika roboti. Nadhani asili hiyo inaonekana katika kazi yake, kwani huwachunguza watoto kwa subira ya mtu aliyezoea kutizama viumbe wakiwa mahali pao, bila ya kuwasukuma. Mwaka 1998 alianzisha nchini Uingereza mradi wa Aurora, uliotaka kujua kama roboti inaweza kuwa mwenza wa kuchezea kwa mtoto mwenye usonji. Roboti za mwanzo hazikuwa zote na umbo la mtu. Moja ilikuwa kigari bapa chenye magurudumu kilichoweza kumfuata mtoto au kumkimbia. Baadaye, kuanzia mwaka 2005, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, akiwemo Ben Robins, wakaunda roboti waliyoipa jina la Kaspar.

Kaspar ana kimo cha mtoto mdogo na huvalishwa nguo za mtoto. Uso wake ni kinyago cha mpira wa silikoni kilichotokana na sanamu inayotumiwa kufundishia namna ya kumwokoa mtoto aliyekatika pumzi. Macho hufumba na kufumbua, mdomo hufunguka, kichwa hugeuka, mikono huinuka na kupiga kigoma. Zaidi ya hapo hakuna kitu kikubwa. Paji la uso halikunjiki, mashavu hayapandi, nyusi haziulizi swali. Waundaji wake hawakushindwa kumpa uso wenye mambo mengi. Waliamua kumnyima, na uamuzi huo ndio moyo wa kazi yao.

Kwa watoto wengi wenye usonji, uso wa mtu ni kama soko la Darajani, Unguja, usiku wa kuamkia Idi: kila kitu kinaita kwa wakati mmoja, na mgeni wa mahali hapo hajui amsikilize nani. Uso wa Kaspar huita kwa sauti moja, na kesho huita kwa sauti ile ile.

Ngozi yake ina vihisio, yaani vifaa vinavyotambua mguso. Mtoto akimtekenya, hucheka. Akimpiga, huuficha uso kwa mikono na kuonesha kwamba ameumia. Nilikaa sana na jambo hili dogo, kwa sababu najua kinachotokea mtoto wetu anapomsukuma mwenzake: yule hulia, mama yake hupiga ukelele, wifi yangu hukimbilia, mtu wa tatu hutoa nasaha, na katika vurugu hiyo mtoto hawezi kujua lipi limetokana na lipi. Kwa Kaspar kuna tendo moja na jibu moja. Anaweza kulijaribu mara 20 na jibu lisibadilike, na Kaspar asichoke wala asimchukie.

Katika maandishi ya Robins na wenzake kuna tukio nililolirudia kila nilipopata nafasi: mtoto alikuwa akiuchunguza uso wa Kaspar kwa vidole, akizigusa kope na mdomo, kisha akamgeukia mtu mzima aliyekuwa pamoja naye na kuuchunguza uso wake kwa namna ile ile. Nililisoma nikiwa na gurudumu la mama machoni mwangu. Kitu, uso, kitu.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko Kaspar. Mwaka 1976, mjini Edinburgh, Sylvia Weir na Ricky Emanuel waliandika kuhusu mvulana mwenye usonji, naye wa miaka saba, aliyekuwa akikiamuru kijiroboti cha sakafuni kiitwacho kobe kiende mbele, kirudi, kigeuke, na wakaeleza jinsi kazi hiyo ilivyoamsha mawasiliano yake na watu waliokuwa karibu. Hata Leo Kanner, daktari wa akili za watoto, katika makala yake ya mwaka 1943 juu ya watoto 11, alishaona kwamba watoto wale waliokuwa wazito kwa watu walikuwa wepesi na hodari kwa vitu. Alichokiandika yeye kama dalili, Weir alikitumia kama mlango.

Mpaka hapo nilikuwa upande wa gurudumu.

## Roboti isiyokuwa na waya

Kisha nikalikuta jaribio lililonitoa kwenye njia niliyokuwa nimejipangia. Robins na Dautenhahn, katika miaka ya mwanzo ya 2000, waliwahi kufanya kazi bila ya roboti yoyote. Walimchukua mtu hodari wa kuigiza kwa mwili bila ya maneno, wakamvisha mavazi ya rangi moja yaliyomfunika hadi uso ukapotea, naye akajiendesha kama mashine. Watoto wachache wenye usonji walikutanishwa naye akiwa hivyo, kisha wakakutanishwa na mtu yule yule akiwa na sura yake na nguo zake za kawaida. Walimkaribia na kushughulika naye zaidi alipokuwa mashine.

Ndani ya roboti hiyo hapakuwa na waya, wala injini, wala programu. Mlikuwa na binadamu anayepumua.

Kwa mtu wa kazi yangu lilikuwa jambo zito kulimeza. Nilikuwa nimejenga imani kwamba ni mashine yenyewe, kwa umashine wake, inayomvuta mtoto, na sasa watafiti wale wale niliowategemea walikuwa wakinionesha kwamba mtu naye anaweza kuipata nafasi ile akikubali kupunguza. Aondoe baadhi ya yale ambayo sisi wengine tunayaita uchangamfu: kubadilika kwa uso, haraka ya maneno, kujisogeza bila ya kutarajiwa.

Wifi yangu aliwahi kuniambia, kabla sijasoma lolote kati ya haya, kwamba mtoto hutulia zaidi kwa jirani mmoja anayevaa nikabu kuliko kwa wageni wengine wanaoingia nyumbani. Wakati ule nililipitisha tu. Ni jambo moja la mtoto mmoja na siwezi kulijengea hoja, lakini siku hiyo lilinirudia, nikabaki nimeshika simu bila ya kuendelea kusoma.

Nikaanza kumfikiria mama, namna anavyokaa. Huanza kushona baada ya sala ya adhuhuri na kuacha alasiri inapoadhiniwa. Kiti hakihami. Kabla ya kukanyaga husema, "Haya, twende." Pindo likiisha husema, "Tumefika." Sijamsikia akibadilisha maneno hayo hata mbele ya wageni. Hamwiti mtoto jina kila dakika, hamsukumii maswali ambayo jibu lake analijua, na sote tumewahi kumfanyia mtoto yule hivyo: hii rangi gani, huyu nani, sema shikamoo. Nilimpigia simu nikamwuliza kama huwa anamwambia mtoto amtizame.

"Aa, mwanangu," alisema. "Yeye hutizama mikono. Hapo mikononi ndipo tunapozungumza, sasa nimtoe nimpeleke wapi?"

Sikuwa na jibu.

Baadaye nilisoma pia kuhusu Keepon, kijiroboti cha manjano cha Hideki Kozima wa Japani, chenye urefu wa sentimita 12 tu, umbo la mipira miwili iliyopandana, macho mawili na pua. Hujua mambo manne: kugeuka, kuinama, kuyumba na kurukaruka papo hapo. Macho yake ni kamera na pua yake ni maikrofoni, na mara nyingi watoto walipokuwa wakicheza nacho, alikuwepo mtu chumba cha pili akiwaona kupitia macho yale na kukiendesha. Kaspar naye, kwa sehemu kubwa ya kazi yake, huendeshwa na mtu mzima aliyeshika kiongozeo mkononi. Nilipolijua hilo sikuhisi nimedanganywa. Nilihisi kama mtu aliyefungua saa kuona kinachoizungusha na kukuta ndani yake mtu mwingine, mwenye subira, akiwa ameketi kimya.

## Barua

Lazima niseme kwamba wakati huo nilikuwa tayari nimeandika barua. Ilikuwa na kurasa nne, ya kuomba fedha za kununua roboti iitwayo NAO, iliyobuniwa Ufaransa, yenye kimo cha sentimita 58, ambayo watafiti wengi wa usonji wameitumia. Bei yake ni maelfu ya dola. Nilianza kwa kadirio la wakati ule la Shirika la Afya Duniani kwamba mtoto 1 kati ya 100 duniani ana usonji, nikaendelea kwa hali ya watoto wetu, nikamalizia kwa ahadi. Niliiandika kwa usiku mbili na niliipenda.

Mwalimu mwenzangu, anayejua elektroniki kuliko mimi, aliisoma yote kwa heshima. Akanirudishia. "Mwalimu," alisema, "siku wafadhili wakishapiga picha wakaondoka, nani atakaa na mtoto?"

Nilimkasirikia. Niliona ni yale yale ya kutukatisha tamaa, kwamba kila kitu kizuri kikitajwa kwa ajili ya visiwa hivi lazima atokee mtu wa kusema hakitudumu. Nikarudi nyumbani kutafuta ushahidi wa kumjibu, na ushahidi wenye nguvu kuliko wote niliokuwa nao ulikuwa wa Brian Scassellati na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, uliochapishwa mwaka 2018. Waliweka roboti majumbani mwa watoto 12 wenye usonji kwa muda wa mwezi mmoja, nusu saa kila siku, roboti ikiwachezesha michezo na kuurekebisha ugumu wake kulingana na kila mtoto. Mwishoni, makini ya pamoja ya watoto wale yalikuwa yameongezeka, na si mbele ya roboti tu, bali na watu wazima pale roboti isipokuwepo.

Niliusoma upya nikiwa na kalamu, nikitafuta sentensi ya kumpelekea mwenzangu. Nilichokipata ni mlezi. Katika kila kikao mlezi alikuwa mezani, ndani ya mchezo, na roboti ilikuwa imepangwa ili iwe kati yao wawili. Nusu saa, kila siku, mwezi mzima, mtu mzima na mtoto wakikabili kitu kimoja.

Swali la mwenzangu lilikuwa ndani ya ushahidi wangu mwenyewe.

Sisemi kwamba roboti haikufanya kitu, kwani kama kukaa mezani pekee kungetosha, wazazi wale wasingeihitaji. Pengine ndiyo iliyowafundisha wote wawili namna ya kukaa. Lakini niliifikiria NAO ikifika Pemba, betri yake ikidumu kiasi cha saa moja na nusu, umeme ukikatika kama ulivyokatika siku ile, sauti yake ikihitaji kutengenezwa upya kwa Kiswahili, na si Kiswahili cha taarifa ya habari bali kile anachokisikia mtoto kwa bibi yake. Nikaifikiria ikiwa ndani ya kabati iliyofungwa kwa kufuli, ufunguo ukiwa kwa mtu aliyehamishwa. Na nikaifikiria siku nzuri pia, siku ambayo kila kitu kinafanya kazi, na wazazi wanatoka nje ya chumba kwa sababu mashine ya kisasa imechukua zamu.

Hiyo siku nzuri ndiyo iliyonitia hofu zaidi.

Barua sikuipeleka, na sikuichana. Ipo. Kuna jambo linanizuia kuitupa, nalo sipendi kuliandika: mama yangu anazeeka. Magoti yanamsumbua, na ipo siku pedeli itamshinda. Ninapoandika kwa ufasaha kuhusu subira ya bibi, ninakuwa nimeipa familia nzima ruhusa ya kuiegemea subira ya mtu mmoja, tena mtu mzima. Roboti haizeeki kwa namna hiyo. Ikiharibika hutengenezwa au hununuliwa nyingine ya sura ile ile na maneno yale yale. Kama mtafiti mwaminifu angekuja kesho na Kaspar wake, mimi ningekuwa wa mwanzo kumpokea bandarini Mkoani. Ningemwomba tu asimfundishe mtoto peke yake.

## Aliyemtuma mshenga

Watafiti huieleza roboti yao kama kitu cha kati, kinachounganisha. Mimi, tangu niliposoma kuhusu Kaspar, nimekuwa nikiiita mshenga. Mshenga huenda nyumba ile na kurudi nyumba hii, hubeba maneno ambayo wenyewe wangeona vigumu kuambiana uso kwa uso, na nyumba mbili zikishakutana yeye hukaa kando. Hakuna anayeoa mshenga. Mtoto anayebaki na roboti yake na kuwasahau watu, mshenga wake hajaifikisha posa.

Mfano huo ulinitosha kwa muda, na niliwahi kuutumia mbele ya walimu wenzangu. Kisha nikajiuliza ni nani anayemtuma.

Ni sisi. Ukiyapitia mafunzo mengi yanayotiwa ndani ya roboti hizi, utayaona maneno ya upande mmoja: tizama usoni, ngoja zamu yako, niige, tambua kwamba uso huu una furaha na ule una huzuni. Hakuna ninachokipinga kati ya hayo. Ningependa mtoto wetu ayajue, kwa kuwa dunia haitamngoja. Lakini mshenga anayebeba masharti ya nyumba moja tu, na akifika ya pili hafungui masikio, kwetu angerudishwa kutoka mlangoni.

Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba tumekosea kuuweka upungufu wote kwa mtu mwenye usonji. Kutoelewana, alisema, kuna pande mbili: yeye hatuelewi kwa urahisi, na sisi hatumwelewi kwa urahisi, isipokuwa sisi ni wengi na ndio tuliopewa kalamu ya kuandika nani mgonjwa. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake, mjini Edinburgh, mji ule ule wa kobe wa Weir, walichapisha jaribio la watu wazima 72 waliopangwa katika minyororo, kila mmoja akimsimulia anayefuata hadithi aliyoisikia. Mnyororo wa watu wenye usonji watupu uliihifadhi hadithi vizuri sawa na mnyororo wa watu wasio na usonji. Hadithi ilipotea zaidi pale walipochanganywa.

Basi ubovu haukuwa kwa msimulizi. Ulikuwa kwenye makutano.

Baada ya kuyasoma hayo niliirudia ile pumzi moja ya ukumbini, na kwa siku kadhaa niliona aibu kwa furaha yangu. Wapo watu wazima wenye usonji walioandika kwamba kulazimishwa kutizama machoni kuliwaumiza, kwamba walijifunza kukodoa macho ili walimu waridhike huku hawasikii hata neno moja la kinachosemwa. Je, nilifurahi kwa sababu mtoto alikuwa amefaidika, au kwa sababu kwa mara moja alifanana na watoto wengine? Sitaki kujisamehe haraka katika swali hili. Najua kwamba kwa miaka mingi, kila nilipokwenda Wete, jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kupiga magoti mbele yake na kuushika uso wake kwa mikono miwili ili anitizame. Nilidhani ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi. Yeye alikuwa akifumba macho.

Kilichonisaidia kutoka hapo ni kukumbuka mpangilio wa tukio. Bibi hakumwomba amtizame. Gurudumu lilikuwa limesimama, naye aliuchukua mkono, akauweka, likaanza, na hapo ndipo alipoinua kichwa. Alikuwa na jambo la kusema: limeanza tena, umeona? Hayo yalikuwa maneno yake kwa mtu aliyekuwa amekaa ndani ya hesabu zake kwa muda mrefu kiasi cha kustahili kuambiwa. Mama alikuwa ameshapokea masharti ya nyumba ile ya pili, moja baada ya jingine, bila ya sisi kujua kwamba mazungumzo yalikuwa yakiendelea: mahali pamoja, saa zile zile, maneno machache, mikono inayoonekana.

Roboti ninayoitaka sasa ni ile itakayorudi kwetu na habari. Ikae darasani, na badala ya kumpigia makofi mtoto aliyetizama juu, imwoneshe mwalimu kwamba mtoto huyu alianza kuziba masikio pale madawati yalipoburutwa, kwamba anajibu lakini anahitaji muda mrefu kuliko ule anaopewa, kwamba alimkaribia mwenzake mara mbili na mwenzake hakutambua. Vihisio vya kufanya hivyo vipo. Sehemu kubwa ya ujuzi huo hata wanafunzi wangu wanaweza kuanza kuujifunza. Kinachokosekana ni kukubali kwamba na sisi tuna somo la kusoma.

## Likizo

Skuli zilipofungwa nilikwenda Wete. Safari hii sikupiga magoti mbele yake. Nilimsalimia mama, nikamwamkia na mtoto kwa mbali, nikaingia jikoni kwa wifi.

Mchana wa kwanza niliomba kushona mimi. Mama akanipisha, akakaa kitini pembeni. Nikasema, "Haya, twende," kama anavyosema yeye, nikakanyaga. Mtoto alisikiliza kidogo, akainuka, akatoka uani.

"Unakwenda mbio, mwanangu," mama alisema. "Na mkono umeuficha chini ya kanga. Yeye hauoni."

Siku ya pili nilikanyaga polepole, mkono juu. Alibaki. Siku ya tatu, nilipofika mwisho wa pindo na kuacha, niliona vidole vyake vikija. Vilikuwa na wekundu wa ubuyu. Vikaushika mkono wangu uliokuwa juu ya gurudumu, vikauinua taratibu, vikauweka juu ya kanga. Kisha akanyoosha mkono hadi kwenye kiti cha bibi yake, akauchukua wa bibi, akauleta.

Sikumbuki kama aliwahi kunigusa kwa hiari yake kabla ya hapo. Wifi yangu, aliyekuwa akikunja nguo, alinitizama kuona kama nimeumia. Sikuwa nimeumia. Alikuwa ameniambia jambo, na nilikuwa nimelielewa bila ya mtu wa kunitafsiria.

Siku ya nne mama alirudi kitini kwake, nami nikakaa sakafuni, upande wa pili wa cherehani, mgongo ukutani. Kutoka chini pale nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona nikiwa nimesimama: katika kila pindo mama husimama mara tatu kuvuta kitambaa, na kila anaposimama huuacha mkono wake juu ya gurudumu, haondoi, akangoja kiasi cha pumzi mbili kabla ya kuendelea. Mtoto huzihesabu zile pumzi kwa kugonga kidole kwenye goti.

Akasimama mara ya kwanza. Akasimama mara ya pili. Mara ya tatu nilikuwa nimeshakipata kipimo chake, na tukalingoja gurudumu sote watatu.